Vidonge vya Mke Mwenzangu

Huku kwetu Manga, wake wa ndugu wawili huitana mke mwenza hata kama kila mmoja ana mume wake, kitanda chake na jiko lake. Kwa hivyo nikikuambia Lavender ni mke mwenzangu, usinionee huruma. Mume wangu Bosire hana nguvu wala akili ya kuweka wanawake wawili. Huyu mmoja tu anamshinda. Lavender ameolewa na mdogo wake, Cleophas, na kati ya nyumba yake na yangu kuna mistari minane ya majani chai na migomba michache. Wivu wangu juu yake haukuwa wa mwanaume. Ulikuwa wa pumzi.

Sote wawili tuna pumu. Mimi nilizaliwa nayo, yeye ilimpata baada ya kumzaa Okemwa, kifungua mimba wake. Pamoja na pumu hiyo, kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyeimba ubeti wa mtu mmoja katika kwaya ya kanisa letu la Kisabato kila Agosti wakati wa makambi, ile wiki makanisa yote ya eneo hukusanyika chini ya mahema. Wimbo wenyewe ulitungwa na mwalimu wetu wa kwaya, Mokua, mtu ambaye nadhani hajawahi kuugua hata mafua, maana ubeti wa tatu una mstari mmoja mrefu ajabu na anataka uimbwe kwa pumzi moja bila kukatwa. Ukifika mwisho wa mstari ule, hata wale waliosinzia huinua vichwa. Mimi nilikuwa ninafika. Nilikuwa ninameza dawa, ninasali, ninafika.

Mwaka jana sikufika. Mbele ya watu wote sauti yangu ilirudi ndani kama kichwa cha kobe, katikati ya mstari. Kabla sijajua nifanye nini, sauti nyingine ikaudaka mstari nyuma yangu na kuupeleka mpaka mwisho, safi, kama mtu anayekunja shuka. Lavender. Mtu aliyekuja kuolewa kutoka Mosocho akiwa Mkatoliki, aliyebatizwa kwetu mimi nikiwa nimemshikia taulo.

Watu walisema Bwana asifiwe. Mimi nilisema kimoyomoyo maneno yasiyofaa kusemwa kambini. Mwalimu Mokua alikuja kunipa pole, akaniambia nipumzishe kifua kwa mwaka mzima, kisha Julai itakayofuata atatusikiliza sote wawili na kuamua nani aubebe ubeti. Kuanzia siku hiyo sikuwa na shida nyingine duniani. Nilitaka mstari wangu.

Februari tukasikia kwamba hospitali moja pale Kisii mjini inatafuta watu wenye pumu kwa ajili ya utafiti. Tulienda sote wawili, kila mmoja akijifanya anamsindikiza mwenzake.

Aliyetupokea alikuwa msichana mwembamba mwenye hijabu ya samawati, Daktari Istarlin Warsame. Babake ana duka la vitambaa mjini na yeye amezaliwa papo hapo Kisii, hivyo alitusalimu kwa Ekegusii kilichonyooka kuliko cha watoto wangu. Aliuliza nani kati yetu ana majani chai, na chumba kizima kikacheka, maana hapo ni kama kuuliza nani ana magoti. Akauliza majani yakisagwa kiwandani hufanyaje. Tukamwambia yanaingia kijani, na kabla hujamaliza kupiga umbea yamekuwa rangi ya shaba.

Basi, akasema, kinachoyageuza ni hewa. Ni oksijeni ileile tunayoivuta. Ndani ya mwili pia oksijeni ikifanya kazi huacha cheche, na cheche hizo huunguza kidogokidogo. Mtu mwenye afya ana walinzi wake mwilini wa kuzizima. Wengine mwili unawatengeneza wenyewe, wengine wanatoka kwenye chakula, mboga hasa. Lakini mapafu yenye pumu yamevimba, na uvimbe wenyewe hutoa cheche. Ukiongeza moshi wa jikoni, vumbi na mafua, cheche zinakuwa nyingi kuliko walinzi, njia za hewa zinazidi kuvimba, na hapo ndipo unapoisikia filimbi kifuani. Utafiti ulikuwa wa vidonge vya kuwaongezea hao walinzi nguvu. Nusu ya makopo yalikuwa na dawa yenyewe, nusu yalikuwa na unga mtupu. Hakuna aliyejua lipi ni lipi, hata yeye. Namba zilikuwa zimefungiwa mahali.

Mzee mmoja akauliza kama vidonge vinaponya. Istarlin akamjibu kwamba hajui. Angekuwa anajua, asingetusumbua kutoka vijijini.

Halafu akatupa kila mtu kopo lake la vidonge vya miezi sita, na inhela mbili: ya bluu ya kutumia ukibanwa, na ya kahawia ya kuvuta kila asubuhi na kila jioni, ubanwe usibanwe. Akaongeza jambo fulani kuhusu maji. Sikulisikia, maana nilikuwa ninaliangalia kopo la Lavender. Vidonge vyake vilionekana kung'aa kuliko vyangu.

Unacheka. Ngoja uone.

Mwezi wa kwanza tuliporudi kupimwa tulipuliza kwenye bomba la kupimia pumzi, lenye mshale unaoonyesha namba. Mimi nilipata mia mbili na sitini, palepale nilipokuwa. Lavender alitoka mia tatu hadi mia tatu na hamsini. Mwezi uliofuata mimi nilikuwa palepale, yeye mia tatu na tisini. Na hata bila bomba ungejua. Alikuwa anapanda ile njia ya kutoka shambani na kikapu cha majani mgongoni huku akiimba, na si kuimba kwa chini: alikuwa anaimba ubeti wa tatu. Mimi nilikuwa ninapanda njia ileile nikisimama kila baada ya hatua ishirini, nikijifanya ninakagua migomba.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mmoja wetu alipewa dawa, mwingine akapewa unga, na haikuhitaji daktari kujua nani alikuwa anameza unga.

Sabato moja mwezi wa Aprili, Lavender na Cleophas walitangulia kanisani. Niliingia nyumbani kwao kuomba chumvi kwa watu wasiokuwepo. Kopo lilikuwa juu ya kabati, karibu na Biblia. Langu nilikuwa nalo mkobani. Vyangu nikavimwaga kwenye leso, vidonge vyake nikavimimina kwenye kopo langu, vyangu nikavirudisha kwenye lake, nikahakikisha hesabu inalingana, nikafuta kabati kwa upindo wa nguo, nikaenda kanisani nikakaa mstari wa mbele. Nilivunja amri ya nne, ya nane na ya kumi kwa mkupuo mmoja, na mahubiri siku hiyo yalikuwa mazuri sana.

Siku tatu za kwanza nilipona. Nakuambia nilipona. Nilibeba ndoo mbili za maji kwa pamoja, nikamfokea Bosire sentensi nzima bila kupumzika. Siku ya nne filimbi ikarudi. Mwezi Mei nilipuliza mia mbili na arobaini. Lavender, ambaye kwa hesabu yangu sasa alikuwa anameza unga, akapuliza mia nne.

Nilirudi nyumbani nikiwa na homa ya hasira. Basi mwanamke huyu alikuwa na siri nyingine, na mimi nikaanza kumchunguza. Ukitaka kumfahamu mtu vizuri, mwonee wivu. Hata mume wake hatamfahamu hivyo. Nilijua anaamka saa ngapi, anaanika nguo gani, anawarushia nini kuku. Na nikagundua. Kila asubuhi alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na kikombe cha maji, anainua kidevu juu, anasukutua koo gororo-gororo, kisha anatema kwenye shina la mgomba. Jioni vilevile. Hakukosa hata siku moja.

Kesho yake na mimi nikaanza kusukutua. Nilianza na maji matupu. Wiki ya pili nikaongeza chumvi. Wiki ya tatu nikatumia chai ya rangi, kali, maana kama mambo yenyewe ni ya majani chai basi tuyamalize. Bosire aliniuliza kama nimemeza chura. Nilimwambia hayo ni mambo ya wanawake, naye hilo humtosha.

Pumzi haikuongezeka. Ndipo nikakumbuka daktari alisema walinzi wengine wanatoka kwenye mboga, nikaamua kumshinda Lavender kwa chinsaga. Anayeijua mboga hiyo anajua si kazi ya dakika tano. Unaichemsha, unamwaga maji machungu, unaichemsha tena, unatia maziwa, kisha unaiacha kwenye moto mdogo mpaka iwe laini. Saa tatu hivi. Jiko langu lilikuwa na mlango mmoja na dirisha la kutoshea paka. Kila siku nilikaa humo, kichwa juu ya chungu, machozi yakinitoka, nikijitengenezea walinzi. Inhela ya bluu ilikuwa mfukoni, na nilikuwa ninaivuta mara sita, mara nane, ili niweze kuendelea kukaa kwenye moshi.

Jumatano moja ya Juni, asubuhi, kifua kikafunga. Hewa ilikuwa inaingia kama kwa mrija wa kalamu na kutoka haitoki. Nilivuta ya bluu mpaka ikaisha. Bosire alikuwa ameenda kituo cha kupimia majani. Lavender aliniambia baadaye kwamba alikuja kwa sababu alikuwa hajanisikia nikimtukana mtu tangu asubuhi. Alinivuta nje kwa makwapa, akasimamisha boda boda, tukapanda watatu: mwenye pikipiki mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenishika nisianguke.

Nitakuambia ukweli ulivyo. Njia nzima ya kuteremka mpaka mjini nilikuwa ninakufa, na bado nilikisikia kifua chake mgongoni kwangu kikipanda na kushuka polepole, bila filimbi hata moja, nikamwonea wivu.

Hospitalini walinivalisha kifuniko cha mvuke wa dawa usoni, wakanichoma sindano, wakaniwekea oksijeni puani. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa ninaweza kusema maneno manne kwa mpigo. Daktari Istarlin akaja na faili langu, akaketi kando ya kitanda. Lavender alikuwa upande wa pili, mkoba wangu mapajani mwake.

Daktari hakuwa na uso wake wa siku zote. Alisema ameangalia namba zangu tangu Februari. Nimemeza kila kidonge, hesabu yangu haikosei, na badala ya kupanda nimeshuka. Kwa hivyo alikuwa na wajibu wa kuandika kwamba huenda vidonge vya kopo langu ndivyo vinavyoniumiza. Akishaandika, utafiti utasimamishwa kwa watu wote mia na ishirini mpaka ichunguzwe.

Nilimwangalia. Alikuwa na umri wa binti yangu Cynthia. Nikaangalia dari, lakini dari haikunisaidia.

"Daktari, usiandike."

"Kwa nini, mama?"

"Vidonge nilivyomeza si vyangu. Ni vya huyu."

Lavender aligeuka taratibu, na mimi nikafumba macho nikisubiri kofi, nikifikiri afadhali linipate nikiwa tayari hospitalini.

"Tangu lini?" Lavender aliuliza.

"Tangu Aprili. Niliingia kwako kuomba chumvi ukiwa kanisani."

Kofi halikuja. Nilipofumbua jicho moja nilimwona ameshika chuma cha kitanda, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia.

"Mama Cynthia," alisema alipopata sauti, "mimi sijawahi kumeza hata kimoja. Vinanikwama kooni. Nimekuwa nikivipondea kuku."

Istarlin aliweka kalamu chini. Aliangalia faili, halafu akauliza kwa sauti ndogo ni kuku wangapi. Saba, Lavender alimjibu. Daktari akauliza wanaendeleaje. Lavender akasema wanataga.

Nilitamani kucheka lakini kifua hakikuniruhusu, na pia daktari hakuwa anacheka. Alitusema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. Alisema kuna watu kwenye orodha yake wanaovuka mito kuja kupuliza lile bomba, na kama siku moja vidonge vitaonekana vinafaa au havifai, itakuwa kwa sababu watu hao walimeza walichopewa wakasema walichosikia. Sisi wawili tulikuwa karibu kumfanya aandike uongo kuhusu pumzi za watu. Akachukua kalamu akaandika yote, aya nzima kuhusu kuku, akatuambia tutaendelea kutibiwa kama kawaida lakini utafiti wake hauwezi kutuhesabu kama wengine.

Kisha akaniuliza kuhusu inhela ya kahawia.

Nilimwambia ipo salama. Iko kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni, ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Niliivuta mara moja Februari na haikufanya kitu. Dawa ambayo haifanyi kitu papo hapo unaiweka kwa ajili ya siku mbaya zaidi.

"Na leo ilikuwa siku gani, mama?" aliniuliza.

Alinieleza upya, polepole, kama mtu anayeanza somo na mwanafunzi wa mwisho. Ya bluu inafungua mlango kwa muda. Ya kahawia ndiyo inayotuliza ule uvimbe wenyewe, na uvimbe ukitulia, cheche nazo zinapungua. Lakini inafanya kazi kwa majuma, si kwa dakika, na ukiiruka haikudai, inakuacha tu. Baada ya kuivuta unasukutua koo na kutema ili isikutoe vidonda mdomoni.

Niligeuka kumwangalia Lavender. Majuma matatu ya kusukutua koo. Chumvi yote ile.

"Wewe unaivuta kila siku?" nilimuuliza.

"Asubuhi na jioni."

"Hata ukiwa mzima?"

"Hata nikiwa mzima."

"Nani amekupa subira hiyo?"

Alikuwa anaufunga na kuufungua mkoba wangu. "Ni wewe," alisema. "Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma yako kwenye kwaya. Kila ukifika mwisho wa ule mstari nilikuwa nikienda nyumbani silali. Kuna wakati sikuweza kula kwako, chakula kilikuwa hakishuki. Daktari aliposema hii ya kahawia inafungua kifua mtu asipoiruka, sikuiruka. Nilitaka ukikatika tena, niwe tayari."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilikuwa na mipira ya oksijeni puani, kwa hivyo sikufanya lolote. Nililala pale nikifikiri kwamba mwanamke huyu alinionea wivu muda mrefu kuliko mimi nilivyomwonea, na kwa akili zaidi.

Walinipa vidonge vya kutuliza uvimbe kwa siku tano, na Bosire aliagizwa anitengenezee jiko linalopumua. Alilalamika wiki moja, kisha akabomoa ukuta akaweka dirisha la kweli na bomba la kutolea moshi. Boksi likatoka kwenye kabati la vioo. Asubuhi pumzi mbili, jioni pumzi mbili. Siku kumi za kwanza sikuona tofauti na nilimtukana daktari kila mara nilipotema. Wiki ya tatu nilifika juu ya njia ya shambani nikakumbuka kwamba sikuwa nimekagua mgomba wowote. Katikati ya Julai nilipuliza mia tatu na arobaini. Istarlin aliipigia namba ile mstari chini mara mbili.

Jumapili ya mwisho ya Julai mwalimu Mokua akatuita kanisani, mimi na Lavender, milango ikiwa imefungwa.

Niliimba mimi kwanza. Nilifika. Mstari wote, kwa pumzi moja, neno la mwisho likiwa limesimama kwa miguu yake. Mokua alitikisa kichwa kwa kuridhika, na nikaona mwaka wangu umerudi.

Kisha akaimba Lavender. Naye alifika, lakini si kufika tu. Mimi nilikuwa nimeubeba mstari ule kama mtungi, macho yakiwa kwenye maji yasimwagike. Yeye alitembea nao. Katikati aliupandisha mahali ambapo mimi kwa miaka yote nilikuwa ninabana matumizi, na alipofika mwisho alikuwa bado na hewa ya kutabasamu. Mokua alivua miwani akaifuta. Hakuhitaji kusema, lakini alisema: Agosti ubeti ni wa Lavender.

Hapo ndipo wivu uliponichoma kuliko siku zote. Wakati wa vidonge nilikuwa na pa kuusukumia wivu wangu. Yeye ana dawa, mimi nina unga, dunia haina haki, mambo yamekwisha. Sasa tulikuwa na inhela ya aina moja, asubuhi moja, jioni moja, na kifua changu kilikuwa wazi. Nilikuwa nimeimba vizuri kadiri ya uwezo wangu. Yeye aliimba vizuri zaidi. Sikuwa na kopo la kubadilisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukiupanda mlima. Halafu Lavender, kwa upole uleule unaoniudhi, akaniambia angeweza kuzungumza na mwalimu tugawane mstari, mimi nianze, yeye amalizie.

"Usinigawie," nilimwambia. "Nitauchukua wenyewe mzima."

"Utauchukuaje?"

"Nitakusikiliza kila siku mpaka nijue unavyofanya pale katikati. Unapanda vipi pale?"

"Sikuambii."

"Nitachungulia."

"Najua utachungulia," alisema. "Chumvi iko kwenye mtungi mwekundu, usiangushe."

Nilimtazama alivyokuwa anapanda mbele yangu, kitambaa cha kichwa kimenyooka, hatua zake sawasawa, na wivu ukanijaa kifuani tele, nao kwa mara ya kwanza haukuzuia hewa kupita. Mahali pale njia inaposimama kama ukuta watu wote hupunguza mwendo. Mimi nikaongeza. Nilimpita kwa bega, nikamsikia nyuma yangu akicheka na kuongeza hatua zake.